Karani Alikuwa Anakoroma Kutwa

Chumba cha mbele,
Nyumba yenye ngazi ya chuma,
Nyuma ya ghala la mbao.
Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu uliyechelewa kuzaliwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa kitako, si huku unatembea. Hujambo? Baridi ya huko imekuachia kifua? Lile koti nililokutilia bitana mbili unalivaa, au limening'inia msumarini kwa sababu wenzako walilicheka? Livae. Wanaocheka hawatakuja kukukanda mgongo ukipata homa.

Sisi huku tupo. Goti langu la kulia asubuhi linagoma kupanda ngazi, jioni linakubali. Macho bado yanaona tundu la sindano nikisogea dirishani. Mama yako hajambo, mafua tu, na bado ananipangia chakula kama vile mimi ndiye niliyezaliwa na yeye. Fundi Saa naye mzima. Tumegawana chumba hiki cha kazi kama ulivyotuacha, yeye na meza yake ya saa upande wa mlango, mimi na cherehani yangu upande wa dirisha, na maneno katikati.

Najua umeshtuka kupata barua kutoka kwangu. Darasani sikukanyaga hata siku moja, unalijua hilo. Herufi nilizipata kwenye daftari la vipimo vya wateja, kiuno, kifua, urefu wa mkono. Barua hii leo ni siku yake ya tatu mezani. Ukikuta mstari umepanda mlima, ufuate tu, utashuka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikianza kukasirika unacheka, na mimi nacheka, hasira yangu inapotea bure kabla haijafanya kazi. Safari hii sitaki ipotee. Nusu ni ya paka wako na nusu ni yako wewe.

Nianze na paka. Karani alitaka kufa. Yu hai, kwa hiyo usisimame, endelea kusoma. Lakini alitaka kufa hapa hapa, chini ya meza yangu ya kupigia pasi, na mimi nilikuwa nawaambia watu ana raha.

Ulipomleta ulisema, "Bibi, huyu hana shida, anakula na kulala." Ulinidanganya mchana kweupe. Paka huyu anasema kuliko dalali. Na afadhali dalali, ukimsikia unajua anauza nini.

Wiki ya kwanza tu alinitia aibu. Nilikuwa nashona, nikasikia cherehani inatoa mlio nisioujua, kru, kru, kru, chini chini, haukatiki. Nikaacha kukanyaga pedeli, mlio ukaendelea. Cherehani hii ninayo miaka thelathini na moja, kila jino lake nalijua kwa sikio, nikasema leo imefika mwisho. Nikatia mafuta. Nikamwita fundi wa cherehani. Akaifungua yote, akapanga vyuma kwenye gazeti, akaviosha kwa mafuta ya taa, akavirudisha kimoja kimoja. Kru, kru, kru. Akaweka sikio kwenye meza, akasikiliza kama daktari, akaniambia, "Mama, ugonjwa umehamia kwenye mbao."

Fundi Saa alikuja akainama, akavuta ile droo ya chini ninayotupia vipande vya vitambaa. Karani alikuwa amelala humo chali, anakoroma, macho nusu wazi kama mkubwa wa ofisi baada ya chakula. Fundi Saa alicheka mpaka akapoteza skrubu ya saa ya watu. Nikamwambia itafute mwenyewe, mimi sioni vitu vidogo.

Ndipo nikakupigia kukulalamikia, na wewe, kwa ujuzi wako, ukanitumia karatasi ya milio. Nashukuru. Lakini hiyo karatasi nayo ina lake jambo. Niliinakili nyuma ya daftari la vipimo ili niwe nayo karibu. Nyau fupi, anakusalimu. Mrrr inayopanda kooni, anakuambia mfuate. Kufoka, muache. Kugongagonga meno dirishani, ameona ndege na hamfikii. Kukoroma, ile kru kru ya kooni, ameridhika. Nyau ndefu, anataka kitu.

"Kitu gani?" nilimuuliza Fundi Saa.

"Hawakuandika."

"Sasa mtu anaandika karatasi nzima halafu penye kazi ndipo anapokoma?"

"Bi Mkubwa, nawe ukipigiwa hodi hujui anayebisha anataka nini mpaka ufungue."

Basi nikafungua. Nilimpa chakula, akanusa, akalia. Nilimpa maji, akachovya mguu, akalia. Nilimfungulia mlango, akakaa kizingitini akitazama nje kama mwenye nyumba anayehesabu wapangaji, hatoki wala haingii. Nikaufunga, akalia. Nikaufungua, akarudi kulala. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mkorofi, lakini akitaka chai alisema chai. Mimi nimelea watoto watano na wewe wa sita, nyote mkiwa hamjui kusema, na hakuna hata mmoja ambaye kilio chake kilinishinda. Cha njaa nilikijua, cha tumbo nilikijua, cha uongo nilikijua kabla hakijatoka. Sasa nashindwa na kitu chenye masharubu. Kuna siku nililia mwenyewe kwa kuchoka, Karani akaacha kulia akanitazama. Nadhani na yeye alikuwa anajiuliza huyu anataka nini.

Sasa sikia kosa langu, na nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa mama yako.

Nilipata kazi ya sketi za shule, sketi arobaini, zote za marinda. Unajua kazi ya marinda. Kwanza unapiga bandi kwa ule uzi mweupe dhaifu ili marinda yashike, ukishamaliza kushona unauchomoa unautupa. Mimi nilikuwa nautupa sakafuni. Miaka yote nautupa sakafuni, jioni nafagia. Lakini miaka yote sikuwa na paka.

Jumatatu Karani alibakiza chakula. Sikujali, nikasema amekula panya. Jumanne hakulia kabisa. Hiyo nyau ndefu iliyonitoa roho, kimya. Alijikunja chini ya meza ya pasi, kwenye kona ya ukuta, akawa anakoroma. Asubuhi anakoroma, mchana anakoroma. Nilipoinama kumshika akakoroma zaidi. Nikafungua daftari nikasoma kwa kidole, kukoroma, ameridhika. Hujui nilivyofurahi. Nikajiona nimefaulu mtihani. Nikampigia mama yako, nikakupigia na wewe, unakumbuka, nikakuambia Karani anakoroma kutwa nzima. Ukanijibu, "Basi bibi, ana raha huyo, mmezoeana."

Fundi Saa peke yake ndiye ambaye hakufurahi. "Huyu hajala tangu jana," alisema.

"Ameshiba raha."

Akanyanyua saa moja ya ukutani iliyokuwa mezani kwake. "Hebu sikiliza hii. Inagonga?"

"Inagonga."

"Itazame sasa." Mishale ilikuwa imesimama saa nne kasoro, na ilikuwa alasiri. "Wiki nzima inagonga vizuri namna hiyo."

Nikamwambia atengeneze saa, paka aniachie mimi. Hivyo ndivyo nilivyosema. Naandika ili isimame hapa kwenye karatasi na mimi niione.

Jumatano asubuhi nilimvuta kutoka kwenye kona. Alikoroma kwa nguvu kiganjani mwangu, lakini mwili ulikuwa mkavu kama shati lililotiwa wanga, na kidevu kimelowa mate. Nikamfungua mdomo. Chini ya ulimi, uzi mweupe umejifunga kitanzi, ncha nyingine imeshuka kooni. Uzi wa bandi. Uzi wangu.

Fundi Saa alikuja mbio na kile kibano chake cha saa. "Ushike, uvute, utoke," akasema.

Mkono wangu ulikuwa tayari umekwenda. Nao ukasimama wenyewe. Mjukuu wangu, ni kitu gani nimefanya tangu nikiwa msichana? Ukivuta uzi uliopita ndani ya kitambaa, uzi hautoki, kitambaa ndicho kinachokusanyika. Kinajikunja marinda. Ukivuta zaidi kinachanika. Nikamwambia, "Ondoa kibano. Humo ndani ni kitambaa." Hakunielewa, lakini aliniona uso, akakiondoa.

Nikamwaga vifungo vyote vya kikapuni sakafuni, nikamtia Karani humo, nikaenda kwa daktari wa mifugo, yule mwenye chumba nyuma ya duka la pumba. Goti lilinyamaza siku hiyo, sijui lilikwenda wapi. Njia nzima paka anakoroma. Mwanamke mmoja njiani akasikia, akachungulia kikapuni, akaniambia, "Paka wako ana furaha, mama." Ningemjibu ningemtukana, na kosa si lake, na yeye nadhani aliisoma karatasi kama yangu.

Daktari amezoea ng'ombe. Mikono yake kila mmoja sawa na Karani mzima. Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili tu, akatazama ule uzi, akaniuliza, "Umeuvuta?"

"Sikuvuta."

"Nani alikukataza?"

"Sketi," nikamwambia.

Akaanza kunawa mikono. Na mimi nikamuuliza lile lililokuwa linanila, "Mbona anakoroma? Mtu mwenye maumivu hivi mbona anatoa mlio wa raha?"

"Bibi, huo si mlio wa raha peke yake," akasema. "Akiwa na raha atakoroma, akiumwa sana pia atakoroma. Anajibembeleza."

Nikakaa kwenye benchi nje, mimi na mtu mmoja na mbuzi wake wawili, na neno hilo. Siku mbili mtoto wa watu anajibembeleza peke yake gizani chini ya meza, na mimi hapo juu napiga pasi naimba.

Daktari alitoka baada ya muda mrefu, shati limelowa mgongoni. Akaniambia utumbo ulikuwa umejikunja marinda kuufuata uzi, na kama ningevuta, utumbo ungekatika na asingekuwa na kitu cha kushona. Nikamwambia najua. Karani ameshonwa na amepona, isipokuwa mshono kama ule sijapata kuuona. Hapa mrefu, hapa mfupi, umekwenda upande kama mlevi. Nilimwambia daktari uso kwa uso kwamba sketi ya namna ile ningeifumua. Akacheka, akasema ng'ombe hawajawahi kulalamika.

Lakini kabla sijaondoka nilimbana. Nilimwambia, basi nipe maana ya kweli ya milio yake, nichoke mara moja. Akasema hana. Akasema usisikilize koo peke yake, tazama amekaa wapi, amekula nini, amekuja kwako au amejificha, na lipi alilokuwa akilifanya kila siku ambalo ameliacha. Hilo la mwisho lilinichoma. Karani aliacha kunisumbua, na mimi nikaita kuacha huko raha, kwa sababu kulinipumzisha mimi.

Sasa nyuzi zangu natia kwenye kopo lenye kifuniko, hata kipande cha inchi moja. Juzi Karani ameanza tena ile nyau ndefu. Sijui anataka nini. Nimempa kila kitu, amekataa kila kitu, amenikera tangu asubuhi. Endelea, nimemwambia, nikere.

Hiyo ndiyo nusu ya paka. Hii ni yako, na hapa sicheki.

Jumatano ile ulinipigia nikiwa kwenye benchi. Ukasikia mbuzi ukaniuliza niko wapi, nikasema sokoni. Ukauliza Karani je, nikasema amelala. Alikuwa amelala kweli, kwa sindano ya daktari. Nilikuambia kwa sauti laini kabisa, hata mwenyewe nilishangaa imetoka wapi. Mama yako ndiye aliyesema tusikuambie usije ukavunjika moyo huko ugenini, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilikudanganya. Nisamehe.

Halafu nilipofika nyumbani nikajiuliza. Kama mimi, mwenye sauti ya kukwaruza namna hii, naweza kumbembeleza mtu kwenye simu asijue, je huyu anayenipigia, naye hanibembelezi?

Nikakaa nikakupima kama ninavyompima mteja. Mwanzo ulipokwenda huko ulikuwa unalalamika. Ulilalamika msimamizi wa ghala la huko anatafuna kijiti huku anakugombeza. Ulilalamika soksi za mwenzako wa chumbani. Ulilalamika wali wa huko umevunda, mto ni mwembamba, makasha ni mazito, mkono umekwaruzwa na kasha. Nikawa namwambia Fundi Saa mjukuu wangu huyu angelipwa kwa kulalamika angekuwa tajiri. Sasa ni miezi miwili hujalalamika. Ni "poa tu bibi", "safi tu bibi", na kucheka. Mwezi uliopita nilikuambia goti limeniangusha kwenye ngazi, ukacheka. Hukunisikia. Ulikuwa unacheka tu kwa sababu ndiyo zamu yako ya kutoa sauti. Na unapiga saa nne asubuhi, wakati zamani saa hizo ulikuwa ghalani hushiki simu. Na unapopiga kuna mwangwi, kama mtu aliyesimama kwenye ngazi za watu.

Mama yako amesema umezoea. Na mimi nilisema hivyo hivyo, niliwaambia watu hapa, mjukuu wangu amezoea, ametulia, anacheka kila siku. Niliyasema hayo Jumanne, siku ile ile niliyomsifia paka.

Kwa hiyo usiniambie hujambo. Sikuulizi hilo tena. Niambie jana jioni ulikula nini, saa ngapi, na nani. Niambie kitanda unacholalia ni kile kile au umehama. Niambie kazi ya ghalani ipo au haipo. Niambie mkono umepona au umevimba. Andika hata kwa vipande kama mimi, hata siku tatu. Ukisema kazi imekwisha sitapiga kelele, na mama yako nitamziba mdomo kwa mkono wangu. Ukisema unataka kukaa huko na kutafuta nyingine, nitakuambia kaa. Lakini nitasema nikijua, si kwa kukisia kutoka kwenye kicheko.

Mama yako anakusalimu na anasema ule. Shangazi yako mpiga chapa anakusalimu, amepata miwani mipya na sasa anaona makosa ya kila mtu. Fundi Saa anakusalimu sana, anasema ile skrubu ameipata, ilikuwa ndani ya kiatu chake.

Chumba cha nyuma nimeondoa mabunda ya vitambaa juu ya kitanda chako, nimefua shuka, nimefungua dirisha hewa ipite. Sijasema uje. Nasema tu kitanda hakina kitu juu yake.

Mungu akutangulie kila unapoingia na kila unapotoka, akuweke mikononi mwa watu wenye huruma mpaka nitakapokuona kwa macho yangu haya.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda na bado nimekukasirikia,

Mke wako wa kwanza.